Ghorofa linalopendekezwa jirani yako: maswali ya wakazi wa Nairobi na majibu yake

Haya ndiyo maswali yanayoulizwa Kilimani, Kileleshwa, Lavington, Parklands, South B na kwingineko Nairobi kila bango la mradi mpya linapochomekwa kwenye ua wa jirani. Majibu yanafuata sheria mbili: Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, inayosimamiwa na kaunti, na Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, inayosimamiwa na NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira. Jambo tunalolisisitiza kote ni hili: pingamizi hushinda kwa tarehe, vipimo na karatasi zilizogongwa muhuri. Hasira ya mtaa mzima isiyo na hata moja kati ya hizo haimzuii mtu kumwaga zege.

Nimeona bango kwenye ploti ya jirani. Nianze wapi?

Lipige picha leo hii, kwa karibu hadi kila neno lisomeke, kisha kwa mbali ili lango na barabara vionekane. Mabango hung'oka, na mengine huelekezwa upande ambao hakuna apitaye. Nakili nambari ya ploti, jina la mwombaji, kinachoombwa na tarehe. Angalia kama tangazo hilohilo limetoka gazetini.

Kisha tofautisha kinachoombwa. Kubadilisha matumizi ya ardhi, kwa mfano kutoka nyumba moja ya familia hadi majengo ya ghorofa, ni hatua moja. Kuidhinishwa kwa ramani za ujenzi ni hatua nyingine. Leseni ya mazingira ni ya tatu, tena inatoka ofisi tofauti kabisa. Wakazi wengi hupinga hatua moja, wakatulia, halafu tingatinga likaingia kwa kibali cha hatua ambayo hawakuigusa.

Nina muda gani wa kupinga?

Matangazo ya kaunti kwa kawaida hutoa siku 14. Zihesabu kuanzia tarehe ya tangazo lenyewe, kwa sababu siku uliyoliona wewe haihesabiki. Kwa NEMA, fuata siku zilizotajwa katika tangazo la kualika maoni.

Kuna kifungu kingine ambacho wakazi wengi hawakijui. Chini ya kifungu cha 58 cha sheria ya 2019, mwombaji asipopata jibu la maandishi kutoka kaunti ndani ya siku 60, ombi lake huhesabiwa kuwa limekubaliwa. Kwa hiyo kunyamaza kwa kaunti si dalili njema kwako. Siku ya 30 ikifika bila habari, andika barua nyingine kuuliza ombi limefika wapi, na utaje tarehe ya pingamizi lako la kwanza.

Pingamizi linaandikwaje?

Kurasa mbili au tatu zinatosha. Lielekeze kwa waziri wa kaunti anayehusika na mipango ya ardhi, na nakala kwa NEMA ikiwa suala la mazingira limo. Juu kabisa weka nambari ya ploti ilivyo kwenye bango, bila kukosea hata mkwaju mmoja, pamoja na nambari ya ombi ukiwa nayo. Aya ya kwanza ieleze wewe ni nani na nyumba yako iko mita ngapi kutoka mpaka wa mradi. Pima kwa futi kamba au ramani ya simu.

Baada ya hapo, kila hoja ipate aya yake yenye mambo matatu: ukweli, kanuni, na unachoomba. Mfano: "Mtaro wa maji taka wa barabara yetu ulifurika tarehe hizi tatu, picha zimeambatishwa. Mwombaji hajaonyesha barua ya Kampuni ya Maji na Majitaka ya Jiji la Nairobi kwamba mtaro unaweza kubeba mzigo zaidi. Tunaomba ombi lisikubaliwe hadi barua hiyo itolewe." Hapo afisa ana kitu cha kufanyia kazi.

Chapa nakala mbili. Moja iache ofisini, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ukituma pia kwa barua pepe, vizuri, ila muhuri ndio utakaokuokoa mbele ya kamati au jopo.

Je, tukikusanya sahihi mia tatu?

Sahihi zinasaidia kuonyesha uzito, lakini barua moja iliyotiwa sahihi na watu mia tatu husomwa kama hoja moja. Barua kumi kutoka nyumba kumi zinazopakana na mradi, kila moja ikieleza athari yake, zina nguvu zaidi. Mkikusanya sahihi, kila jina liwe na nambari ya nyumba na nambari ya kitambulisho. Orodha yenye majina matupu hupuuzwa.

Hoja zisizofaa ni zipi? "Nyumba zetu zitashuka bei" ni ngumu kuthibitisha na huonekana ya ubinafsi. "Wataleta watu wa hali ya chini" haina nafasi katika sheria, na inawavunjia heshima binadamu wenzenu. Nairobi inahitaji nyumba. Mnachohoji ni kama ploti hii, mtaro huu na barabara hii vinabeba kinachopendekezwa.

Kaunti ikikubali mradi licha ya pingamizi letu?

Mnakata rufaa kwa Kamati ya Uratibu ya Mipango ya Ardhi ya kaunti ndani ya siku 14 za uamuzi. Sheria inaipa kamati siku 14 kuamua tangu rufaa iwasilishwe. Msiporidhika, hatua inayofuata ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Hapa ndipo wengi huanguka: uamuzi hutolewa, jirani hajulishwi, siku 14 zinapita. Dawa yake ni kuomba katika pingamizi lenyewe mjulishwe uamuzi kwa maandishi, kisha mwakilishi mmoja wa chama cha wakazi apite ofisini kila wiki. Aandike siku aliyokwenda na jibu alilopewa.

Na leseni ya NEMA inapingwa wapi?

Kwa Jopo la Kitaifa la Mazingira, ndani ya siku 60. Msidhani kwamba kuwasilisha rufaa pekee kutasimamisha kazi. Ambatisheni ombi la dharura la amri ya kusimamisha ujenzi, pamoja na hati ya kiapo na picha zenye tarehe. Msingi ukishamwagwa, mizani ya jopo hubadilika, kwa sababu kubomoa ni jambo zito kuliko kuzuia.

Msikimbilie mahakamani moja kwa moja kwa kudhani ndiko kwenye nguvu zaidi. Katika kesi ya Kibos Distillers ya 2020, Mahakama ya Rufani ilisema migogoro ambayo sheria imeyapa majopo maalumu ianze huko. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilifafanua kuwa madai ya ukiukaji wa haki ya kikatiba ya mazingira safi yanaweza kusikizwa na Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kuchagua mlango ni kazi ya wakili, na ada ya ushauri wa saa moja ni nafuu kuliko kesi iliyotupwa baada ya mwaka mzima.

Chama chenu kikiwa hakijasajiliwa, msiwasilishe kesi kwa jina lake. Hata vilivyosajiliwa chini ya Sheria ya Vyama hushtaki kupitia majina ya viongozi wake.

Mradi wa ukubwa gani unahitaji tathmini kamili ya mazingira?

Kwa jedwali la sheria ya mazingira lililorekebishwa mwaka 2019, mtaa mpya wa nyumba zisizozidi 30 huhesabiwa kuwa wa hatari ndogo, zaidi ya 30 hadi 100 ni wa hatari ya wastani, na zaidi ya 100 ni wa hatari kubwa unaohitaji utafiti kamili. Angalieni mradi unaoomba nyumba 98 leo huku ramani ikionyesha nafasi tupu iliyoandikwa "awamu ya pili". Kugawa mradi ili kukwepa utafiti kamili ni hoja nzito, na inathibitishwa kwa ramani yao wenyewe. Hesabuni milango, msitegemee idadi iliyo kwenye jalada.

Kijana amekuja na fomu ya maoni, anataka nitie sahihi. Nitie?

Isome yote kwanza. Hizi fomu huambatishwa mwishoni mwa ripoti ya tathmini kuonyesha kwamba umma umeshirikishwa. Mara nyingi ni ukurasa mmoja: jina, simu, kisha swali kama "Unaonaje mradi huu?" likiwa na visanduku vya kuweka alama, na mistari miwili ya maelezo. Visanduku hivyo havina nafasi ya kusema "ndiyo, ikiwa maji taka yatashughulikiwa".

Usiweke alama tu. Andika hoja zako kwa maneno yako, endelea nyuma ya karatasi, piga mstari kwenye nafasi zilizobaki tupu, weka tarehe, kisha ipige picha kabla hujairudisha. Usitie sahihi karatasi ya mahudhurio isiyo na kichwa cha mkutano na tarehe, kwa maana orodha ya waliohudhuria hugeuka orodha ya waliokubali.

Ripoti ikitoka, nendeni moja kwa moja kwenye viambatisho. Je, waliohojiwa wanaishi karibu na ploti, au ni wapita njia na walinzi wa zamu? Majirani wa kuta nne wamo? Kwa miradi inayohitaji utafiti kamili, kanuni za tathmini ya mazingira za 2003 zinataka angalau mikutano mitatu ya hadhara, na taarifa itolewe wiki moja kabla. Mkutano uliofanywa Jumanne saa nne asubuhi, watu wakiwa kazini, unafaa kutajwa katika pingamizi.

Tunaweza kupata ramani na ripoti zenyewe?

Ndiyo. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 vinawapa haki hiyo, na ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. Ombeni kwa kutaja nyaraka moja moja: ramani za usanifu, ripoti ya udongo, ripoti ya msongamano wa magari, barua ya kampuni ya maji, barua ya mamlaka ya usafiri wa anga kuhusu urefu (muhimu sana karibu na viwanja vya ndege vya Wilson na Eastleigh), na ripoti ya mazingira. Ombi la "nyaraka zote" hurudishwa likiwa na jibu la jumla. Mkinyimwa, pelekeni malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Maji yatatutosha?

Hili ndilo swali la kufanyia hesabu kabla ya mkutano. Mwongozo wa serikali wa usanifu wa maji hutumia lita 150 kwa mtu kwa siku katika makazi ya kati, na 250 katika makazi ya hali ya juu. Chukua jengo la nyumba 120, watu wanne kila nyumba: watu 480. Kwa lita 150 wanahitaji lita 72,000 kila siku, sawa na maboza saba ya lita 10,000 na zaidi kidogo. Kwa lita 250 ni lita 120,000, maboza kumi na mawili.

Sasa linganisheni na mgao wenu. Ikiwa mtaa hupata maji siku mbili kwa wiki, jengo linahitaji tangi la kuhifadhi mahitaji ya siku tano: lita 360,000 kwa kipimo cha chini. Tafuteni tangi hilo kwenye ramani. Mkikuta la lita 50,000, basi jibu lao ni kisima au maboza, na yote mawili yanawahusu. Kisima kinahitaji idhini ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na ripoti yake ieleze visima vilivyopo karibu. Visima vilivyochimbwa kwa kukaribiana hushindania maji yaleyale ya chini, na jirani mwenye kisima kifupi ndiye hukaukiwa kwanza. Boza nalo ni lori zito kwenye barabara yenu kila siku, jambo ambalo ripoti ya magari huwa imelisahau.

Na maji taka?

Kwa makadirio ya kawaida, asilimia 80 ya maji yanayoingia hutoka kama maji taka. Katika mfano wetu ni takriban lita 57,600 kwa siku, na sehemu kubwa hutoka asubuhi kati ya saa kumi na mbili na saa tatu. Mabomba ya mitaa ya zamani yalilazwa kuhudumia nyumba moja kwenye nusu ekari. Hayo hayakuwekwa kwa ajili ya ghorofa kumi na tano.

Kusanyeni ushahidi mapema. Kila mfuniko wa maji taka unapofurika, piga picha ukiwa na alama ya mahali na tarehe, na uhifadhi nambari ya malalamiko uliyopewa na kampuni ya maji. Mifuniko mitatu iliyo chini ya mradi kimteremko ina uzito kuliko kumi iliyo juu yake, kwa sababu huko ndiko mzigo mpya utakakopita. Ikiwa mradi unapendekeza mtambo wake wa kusafisha maji taka, ulizeni mambo manne: utakaa mita ngapi kutoka mpaka wenu, umeme ukipotea pampu zitaendeshwa na nini, matope yatabebwa na nani, na nani atalipia matengenezo baada ya mwenye mradi kuuza nyumba zote. Swali la nne ndilo huzua kimya chumbani. Lisisitizeni hadi lijibiwe kwa maandishi.

Je, jengo litatunyima jua?

Inategemea mko upande gani. Ghorofa kumi na tano ni kama mita 45. Nairobi iko karibu sana na ikweta, hivyo adhuhuri vivuli ni vifupi: mwezi Juni kivuli cha jengo hilo huenda upande wa kusini kama mita 21, na Desemba upande wa kaskazini kama mita 18. Waliopo mashariki na magharibi ndio wanaoumia zaidi. Saa mbili unusu asubuhi jua likiwa nyuzi 30 hivi juu ya upeo, kivuli hicho hufika karibu mita 78 upande wa magharibi. Mwenye paneli za sola au mtambo wa kupasha maji moto juu ya paa apime na kuandika hasara hiyo katika pingamizi lake. Ombeni mchoro wa vivuli wa Machi, Juni na Desemba. Msanifu yeyote mwenye programu ya kuchorea anautoa kwa muda mfupi.

Watachimba maegesho ya chini ya ardhi. Ukuta wangu uko salama?

Uchimbaji ndio sehemu inayoharibu nyumba za majirani kuliko nyingine zote. Shimo la ghorofa mbili za chini hufika mita sita au saba, na likichimbwa wima karibu na mpaka bila kuta za kushikilia udongo, ardhi iliyo chini ya msingi wako husogea kuelekea shimoni. Mvua ikinyesha juu ya shimo lililo wazi, hatari huongezeka. Penye udongo mweusi wa mfinyanzi, kama sehemu za South C na Embakasi, udongo huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Kwa hiyo hata kupampu maji kutoka shimoni kunaweza kuleta nyufa nyumba ya pili.

Kabla ya kuchimba, dai ukaguzi wa hali ya nyumba yako ufanywe kwa gharama ya mradi, na ripoti itiwe sahihi na pande zote. Wakikataa, fanya mwenyewe: piga picha kila ukuta, dari na sakafu, ndani na nje. Kila ufa uliopo, weka alama ya penseli kwenye ncha zake mbili, andika tarehe pembeni na upime upana. Ufa wa chini ya milimita moja ni wa kawaida wa plasta. Unaofika milimita tano unahitaji kufuatiliwa kila wiki. Ukizidi hapo, au milango ikianza kukwama, mwite mhandisi aliyesajiliwa upesi na uandikie mkandarasi, kaunti na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, siku hiyohiyo.

Bila picha za kabla, mkandarasi atasema nyufa zilikuwepo, na hutakuwa na la kumjibu. Omba pia nakala ya bima ya mkandarasi inayofidia madhara kwa mali za watu wengine. Angalia tarehe ya mwisho na kiwango chake.

Mto unapita nyuma ya ploti. Wanaruhusiwa kujenga karibu kiasi gani?

Kanuni za ubora wa maji zinalinda ukingo wa mita 6 hadi 30 kila upande, kutegemea upana wa mto, zikipimwa kutoka kiwango cha juu kabisa cha mafuriko kinachojulikana. Wanaopakana na Kirichwa Kubwa au Kirichwa Ndogo wasikubali vipimo vilivyoanzia katikati ya maji ya kiangazi. Picha za mafuriko ya 2024 zinazoonyesha maji yalifika kwenye ukuta gani ni ushahidi mzuri sana.

Kelele, vumbi na malori vina mipaka?

Kanuni za kelele za 2009 zinaweka desibeli 60 mchana na 35 usiku kwa eneo la ujenzi lililo katika makazi, mchana ukiwa saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Leseni na vibali mara nyingi huongeza saa finyu zaidi, kwa hiyo soma masharti yake. Programu ya simu haikubaliki kama kipimo rasmi, lakini rekodi yake ya wiki mbili hutosha kumfanya afisa wa NEMA aje na mashine.

Wameanza kujenga na hatujaona kibali chochote.

Kujenga bila kibali ni kosa chini ya kifungu cha 57 cha sheria ya mipango ya 2019: faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote. Angalieni bango la mradi langoni: linapaswa kuonyesha mwenye mradi, msanifu, mhandisi, mkandarasi na nambari za vibali. Pelekeni nambari hizo kaunti na NCA zikathibitishwe. Bango lenye nambari ya mradi mwingine si jambo la ajabu. Ombeni kaunti itoe notisi ya kusimamisha chini ya kifungu cha 72, na muipeleke barua hiyo kwa mkono.

Mwenye mradi anataka tukae naye mezani. Twende?

Nendeni, mkiwa watu watatu au zaidi, na mmoja akiandika. Mengi hupatikana mezani kuliko kwenye jopo: ghorofa mbili pungufu upande wa nyumba fupi, shimo kusogezwa mita tatu kutoka mpaka, malori kutopita saa za watoto kwenda shule, matairi kuoshwa kabla ya kutoka, nambari ya simu ya msimamizi inayojibiwa. Ila yaandikwe, yatiwe sahihi, kisha muiombe kaunti na NEMA ziyaweke kama masharti ya kibali. Ahadi iliyobaki kwenye karatasi ya mkutano haimlazimishi atakayeuziwa mradi kesho.

Mtu mmoja mmoja akipewa bahasha ili aondoe pingamizi, mtaa umepoteza. Fidia ya nyufa ilipwe kwa hesabu ya mhandisi, mbele ya wote.

Mkiwa mezani, msiache siku zenu za rufaa zipite. Wasilisheni rufaa kwanza, halafu mwendelee na mazungumzo. Inaweza kuondolewa mkielewana.

Jengo likikamilika, bado tuna la kusema?

Ndiyo. Watu hawapaswi kuhamia kabla ya cheti cha kukalia kutolewa. Andikieni kaunti wakati rangi inapakwa, mkiorodhesha masharti ambayo hayajatimizwa: mtambo wa maji taka usiofanya kazi, maegesho yaliyogeuzwa maduka, mtaro wa mvua unaomwaga kwa jirani. Baada ya hapo mradi huo hutakiwa kufanyiwa ukaguzi wa mazingira na ripoti kupelekwa NEMA, nanyi mnaweza kuiomba kwa njia ileile ya siku 21.